Miguu ya Zulmira

Dos Robles, 20 Aprili 1967

Komadre Idalina,

Nimejifungia jikoni ili mume wangu Serafim asinikute nikiandika, maana ataniuliza ninalia nini, na mimi silii, nilikuwa nakata vitunguu. Wewe ndiye uliyemshika Zulmira siku ya ubatizo wake, kwa hiyo wewe ndiye utakayenijibu.

Jana nilikuwa nakamua, mtoto akaja akaniwekea karatasi kutoka kwako juu ya goti, akasema, Mama, soma. Unajua kusoma kwangu. Ni madarasa matatu ya kule kisiwani kabla hatujavuka bahari, tena kwa mwalimu aliyekuwa akisinzia kabla yetu. Nimesoma mpaka ng'ombe akageuka kunitazama. Nilichoelewa ni kwamba mwanzoni mwa Juni kuna mashindano ya wasichana ya kupanda mawimbi hapo kwenu Santa Cruz, na kwamba jina la mwanangu umeshaliandikisha.

Komadre, miaka minne sasa kila kiangazi nakuletea huyu mtoto, na kila mara unaniambia anakusaidia kazi ya dobi, anapiga pasi mashuka ya hoteli. Mimi nikitoka kanisani nawaambia watu mwanangu anapiga pasi vizuri sana. Kumbe mashuka ni ya asubuhi tu, na mchana kutwa yuko juu ya ubao, baharini, na wewe umesimama ufukweni na taulo mkononi.

Sijakasirika. Nimekasirika kidogo. Lakini nataka kujua haya. Je, ni mbali kiasi gani kutoka nchi kavu? Maji yanamfika wapi akianguka? Baridi yake ikoje, kwa sababu mguu wa kushoto ule ukipata baridi usiku unamuuma mpaka leo, ingawa haniambii. Na je, wanawafunga kamba? Ninayo kamba moja ya kufungia ndama, ya pamba, laini, haijawahi kumchubua mnyama. Ningemfunga kiunoni, upande wa pili nikaushika mimi.

Nina jambo jingine pia, zuri, lakini hilo sikuandikii. Utalijua ukija kula supu ya sikukuu yetu ya Roho Mtakatifu, nataka niuone uso wako.

Nisamehe mwandiko.

Filomena


Santa Cruz, 26 Aprili 1967

Komadre Filomena,

Barua yako imenifanya nicheke nikaunguza foronya. Belmiro wangu akaniuliza kuna nini, nikamsomea habari ya kamba ya ndama, akaenda kukaa nje kwenye gari ili acheke kwa nafasi.

Kwanza nikiri. Nilikuficha. Ningekwambia mwaka ule wa kwanza ungekuja siku hiyohiyo kumchukua, na aproni ya kukamulia bado mwilini. Mtoto alinikuta nikitazama wale vijana wanaopanda mawimbi chini ya genge, akaniomba ajaribu mara moja tu. Mara moja hiyo imekuwa miaka minne.

Sasa majibu. Ni mbali kama kutoka zizi lako mpaka barabara ya lami. Akianguka maji yanampita kichwa, halafu anaibuka, kama wote. Kamba hakuna anayefunga hapa duniani, ubao ukimtoka anaogelea kuufuata. Baridi ni kali, lakini wanavaa suti ya mpira, nyeusi, imewabana kuanzia shingoni hadi vifundoni. Hata padri wenu hana neno la kusema, hakuna kinachoonekana ila uso na miguu.

Na juu ya miguu hiyo nataka nikuambie kitu kimoja uache kulia, ukisingizia vitunguu. Akiwa barabarani Zulmira anachechemea, mimi na wewe tunajua. Akiwa juu ya wimbi hachechemei. Ule mwembamba anauweka mbele, ule mzima nyuma, na anasimama kama amepigiliwa misumari. Nimeona kwa macho yangu, si mara moja.

Wasichana ni Jumamosi, tarehe 3 Juni. Njooni Ijumaa. Mtalala chumba cha mbele. Leta mkate wako mtamu, wa hapa unauzwa umekatwa vipande kama dawa.

Idalina


Dos Robles, 4 Mei 1967

Komadre,

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara tatu niliishia hapo kwenye misumari.

Nimemwambia Serafim. Nilingoja tuwe tunakamua, kwa sababu mikono yake ikiwa na kazi hawezi kuipunga. Alikamua ng'ombe kumi na mmoja wazima. Kwa yule wa kumi na mbili akauliza nani atawakamua wa kwangu siku hizo mbili. Nikajua amekubali.

Basi tumepanga hivi. Ijumaa nikimaliza kukamua asubuhi tunaondoka na pikapu, tunapita mlima wa Pacheco kabla jua halijawa kali. Ubao wake, ule uliokuwa umeuficha wewe chini ya kitanda, utuwekee tayari. Ninaleta mikate mitamu sita. Ninaleta pia sufuria ya maharage na soseji kwa ajili ya waamuzi, uniambie ni wangapi. Zulmira anasema waamuzi hawali maharage ya watu. Nikamwambia mtu akikaa juani tangu asubuhi anatazama maji, atakula. Ninaleta blanketi mbili za sufu, mafuta ya kuchulia mguu, na picha ya Mama Bikira ambayo nitaizika mchangani na hakuna atakayeiona.

Jumamosi jioni lazima turudi, ng'ombe hawajui Jumapili.

Jambo moja linanisumbua. Umesema akianguka anaibuka, kama wote. Anakaa huko chini muda gani? Nimejaribu kubana pumzi hapa jikoni nikitazama saa. Sikufika mbali.

Filomena


Santa Cruz, 12 Mei 1967

Komadre, kaa chini, nina habari za kunipigia makofi.

Juzi nilipeleka mashuka hotelini, nikakuta waandaaji wa mashindano wanakunywa kahawa ukumbini na karatasi zao za maji kujaa na maji kupwa. Nikachungulia. Kumbe Jumamosi wasichana wamepewa saa sita mchana, wakati maji yamejaa hadi kwenye miamba na mawimbi yamekufa kabisa, yamelala kama maziwa kwenye sahani. Wanaume wamejipa asubuhi zote mbili. Nikawauliza hawa wasichana mnataka wapande mawimbi au wafue nguo. Mmoja mwenye miwani akasema, mama, hii ni michezo, si mambo ya dobi. Nikamwambia mimi nimesimama ufukweni hapo miaka minne na taulo, maji hayo nayajua kuliko wewe na karatasi yako. Nikamwonyesha: Jumapili asubuhi maji yatakuwa yanapwa tangu alfajiri, na saa moja mawimbi yatakuja marefu, yamenyooka. Wakabishana. Nikagoma kuondoka na toroli langu likiwa limeziba mlango. Mwishowe, wakanung'unika, lakini wakaandika. Wasichana Jumapili, tarehe 4, saa moja asubuhi. Imeshapelekwa kwa mpiga chapa.

Najua utasema ng'ombe. Serafim atamudu siku moja zaidi. Na sikukuu yenu nimeihesabu nisije nikawaharibia: Jumapili ya nne baada ya Pentekoste, kama tangu enzi zetu tukiwa wasichana hapo Dos Robles, kwa hiyo ni tarehe 11. Wiki nzima ya kupumzika kabla ya supu. Hamna udhuru.

Waamuzi ni watano. Leta maharage.

Idalina


Dos Robles, 16 Mei 1967

Komadre,

Sijui nianzie wapi. Barua hii nimeianza mara mbili nikaichoma.

Sikukuu yetu mwaka huu si tarehe 11. Kamati imeisogeza nyuma, ni tarehe 4, kwa sababu bendi ya San Jose haikuwa na nafasi siku nyingine. Huna kosa, hukai tena hapa, ungejuaje. Kosa ni langu. Lile jambo zuri nililokuwa nakuficha ni kwamba malkia wa sikukuu mwaka huu ni Zulmira. Nilitaka ufike ukumbini umkute na joho, nililolishona mwenyewe tangu Oktoba, bluu, na njiwa mgongoni. Nilijiona mjanja. Ningekuambia mapema usingeziba mlango wa mtu na toroli.

Lakini si joho, komadre. Joho ningelikunja nikaliweka kabatini.

Utakumbuka mwaka ule alipokuwa na miaka sita, homa ile iliyowapooza watoto watatu wa mtaa huu. Wewe ulikuwa umekaa naye upande wa kulia na mimi kushoto. Ulipotoka kwenda kuchemsha maji nilipiga magoti nikaweka nadhiri kwa Roho Mtakatifu. Nilisema, huyu akitembea tena, mwaka atakaotimiza kumi na saba atalibeba taji lako mikononi mwake, peku, kutoka ukumbini hadi kanisani, mbele ya watu wote. Sikumwambia mtu. Serafim hajui. Zulmira hajui, sikutaka akue akiona miguu yake ni ya kuazima. Wewe ni wa kwanza.

Alitembea. Nani atamwambia Roho Mtakatifu asubiri kwa sababu ya mawimbi? Mimi naogopa. Usiniambie ni ujinga. Bahari ile ina nguvu, na miguu ile najua ilitoka wapi.

Nimemwambia haji. Nilimwambia ni kwa sababu ya sikukuu, kwamba malkia hawezi kukosekana. Amekwenda kulisha ndama, na leo ni siku ya tatu anawalisha bila kuniangalia.

Usimwambie habari ya nadhiri. Akijua atakuja kwa woga, na mimi nataka aje kwa furaha.

Filomena


Santa Cruz, 19 Mei 1967

Komadre wangu,

Nimerudi kwa yule mwenye miwani nikamwomba kwa upole, mimi ambaye huwa siombi. Amesema karatasi zimeshabandikwa mji mzima. Akaongeza, mama, si wewe uliyetaka Jumapili? Nilisukuma toroli langu nikatoka.

Sitakuambia ni ujinga. Nilikuwepo nyumbani mle. Nilikuwa jikoni nachemsha maji na nilisikia magoti yako yakigonga sakafu, sikujua tu ulisema nini.

Nakuandikia hesabu moja, uifanye utakavyo. Wasichana wanaingia saa moja na saa mbili wametoka. Kutoka hapa hadi kwenu ni mwendo wa saa mbili na nusu kwa dereva wa kawaida. Maandamano yenu kama zamani yanaanza saa nne. Nusu saa ndiyo inayopungua, komadre. Nusu saa tu. Belmiro amesema gari la dobi liko tayari.

Sisemi zaidi. Mtoto ni wako, na nadhiri ni yako.

Idalina


Dos Robles, 22 Mei 1967

Mama wa ubatizo,

Ni mimi Zulmira. Mama hajui kwamba nakuandikia.

Siku zote barua zako ananiletea nimsomee pale anapokwama. Hii ya mwisho hakuniletea. Niliikuta kwenye kopo la unga, na chini yake ile aliyoanza kukuandikia, akaichoma nusu ikamzimikia. Nimezisoma zote mbili. Najua si adabu.

Siku tatu nilikuwa nimemnunia. Nilidhani ni joho. Nilidhani anataka kuwaonyesha kina Bi. Silveira kwamba binti yake naye anaweza kuvaa taji kama wa kwao. Nilimwambia maneno kichwani mwangu ambayo sitayaandika. Kumbe miaka kumi na moja amekuwa akiitazama miguu yangu kila nikipita mlangoni na kunyamaza.

Naomba ulifute jina langu kwa waandaaji. Usimlaumu Mama. Na wala usinihurumie, nimeamua mwenyewe. Nitalibeba taji, nitalibeba vizuri, na Mama hatajua kwamba najua.

Ubao wangu mpe yule binti wa muuza maua, yeye hana.

Zulmira


Dos Robles, 27 Mei 1967

Komadre, kama bado hujalifuta jina usilifute, na kama umelifuta rudi ukaliandike, uzibe mlango tena.

Jana jioni nilikuwa natoka kukamua na ndoo mbili. Nyuma ya ghala la majani nikamkuta Zulmira. Ameweka ubao mrefu wa uzio juu ya pipa lililolala, amesimama juu yake, peku, macho amefumba. Pipa linasogea huku na huku na yeye hasogei. Mguu wake ule mwembamba, ule niliouchua kwa mafuta usiku mamia kwa mamia, uko mbele, umebeba mwili wote, wala hautetemeki. Mikono ameifungua kidogo. Nilikaa pale mpaka maziwa yakaanza kufanya utando.

Ulikuwa umeniandikia lakini sikuwa nimeona. Mimi kila siku naona mguu unaochechemea, na nadhiri yangu nimeiweka kwa ajili ya mguu unaochechemea.

Alipofumbua macho akaniona, akashuka haraka kama ameiba. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anaaga. Nikamuuliza anaaga nini na nani amekufa. Ndipo akaniambia yote, kopo la unga na barua na wewe. Tulikaa juu ya lile pipa. Sikuandikii tuliyoyasema, mengine hayakuwa maneno.

Nilimwambia hivi mwishoni: "Niliomba miguu itembee. Sikuomba ikae nyumbani. Nenda, halafu uje."

Sasa mpango ni huu. Belmiro aje Jumamosi amchukue. Ijumaa siwezi kukuletea mikate, nitampa Belmiro. Maharage ya waamuzi pia. Mimi siji. Nilitaka kuwa hapo na blanketi, nilikuwa nimeshajiona nimekaa, lakini mtu lazima abaki hapa na taji. Nimekwenda kwa Bwana Ormonde, mkuu wa kamati, nikamwomba maandamano yaanze saa tano. Akanitolea saa yake ya mfukoni akanionyesha kana kwamba sijawahi kuona saa. Bendi ina basi la kurudi, padri ana misa mbili, supu iko motoni tangu usiku. Dona Filomena, saa nne ni saa nne.

Nikamwambia sawa. Saa nne tutaondoka ukumbini, na taji nitalibeba mimi mpaka mwenyewe afike. Kwa kasi gani hakuniuliza.

Belmiro aendeshe haraka lakini asiniulie mtoto.

Filomena


Santa Cruz, 5 Juni 1967

Komadre,

Hii naituma kwa posta ya haraka. Jana nilipiga simu kwa Bi. Silveira mara sita, ikaita tu. Wote mlikuwa kwenye supu. Sikutaka uisikie kwa mtu mwingine, basi soma taratibu, usiruke.

Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito, genge lenyewe halionekani. Wasichana sita. Zulmira alikuwa wa mwisho kuingia majini, kwa sababu alikuwa anakunywa kahawa yangu na hataki kumaliza. Nikamwambia kama unaogopa ni kawaida. Akasema haogopi maji, anaogopa saa.

Wimbi la kwanza lilimtupa. Sikudanganyi. Lilimchukua mzima na ubao ukaenda peke yake hadi karibu na miamba. Alikaa chini nikahesabu hadi kumi na nne, halafu akatoka, akaogelea kuufuata. Wale wengine walikuwa wameshapanda mawili matatu. Yule mwenye miwani, maana yeye ni mmoja wa waamuzi, alikuwa hapo karibu nami anakula maharage yako. Akasema huyo wa mguu mbaya amechoka. Nikamwambia weka kijiko chini utazame.

Akarudi mbali kuliko wenzake wote. Akakaa juu ya ubao, mgongo kwetu. Mawimbi mazuri yakapita, akayaacha. Mimi nikaanza kusema mambo mabaya kimoyomoyo. Halafu ukungu ukapasuka kidogo na huko nyuma likaja moja, komadre, refu kama paa la kanisa letu, linakuja bila haraka. Hakuna msichana aliyelitaka. Zulmira akageuza ubao.

Alisimama mapema, kabla halijajikunja. Ule mwembamba mbele. Akashuka nalo, akakata kushoto, na maji yakawa yanamfuata nyuma kama yanataka kumshika na hayamshiki. Alipita chini ya genge lote, chini ya watu waliokuwa wamesimama ndani ya ukungu. Alikuja nalo mpaka mchangani, akashuka kama mtu anayeshuka kwenye ngazi ya nyumba yake.

Na hakusimama. Alinitupia ubao, akakimbia kwa Belmiro na suti yake ya mpira, maji yanamtoka, akaingia kwenye gari katikati ya mashuka. Saa mbili na dakika saba. Sikuwahi hata kumpa taulo.

Matokeo hutolewa mchana wanaume wakimaliza. Saa tisa wakasoma majina. Wa kwanza ni mwanao. Wa kwanza, Filomena. Wakaita, wakaita tena. Yule mwenye miwani akaniuliza bingwa yuko wapi. Nikamwambia ameitwa kwingine, ana taji jingine la kubeba. Akafikiri natania. Nikapanda mimi kulichukua kombe, na aproni yangu. Liko hapa juu ya meza ya pasi, na leo sijapiga pasi hata foronya moja.

Sasa niambie. Belmiro amerudi anacheka tu na kulia, mtu wa namna hiyo hawezi kusimulia. Mliwahi?

Idalina


Dos Robles, 8 Juni 1967

Komadre,

Barua yako ilinikuta zizini na nikaisomea hapohapo, Zulmira akikamua ng'ombe wa pembeni. Nilisoma kwa sauti, polepole, kidole kwenye mstari. Nilipofika pale pa wa kwanza, akaegemeza paji la uso ubavuni mwa ng'ombe, akakaa hivyo. Kisha akaniomba nirudie mstari ule. Nikaurudia. Akasema, nilijua nimelipanda vizuri, sikujua kama wao wameona. Akaendelea kukamua. Serafim ndiye aliyetoka nje, akakaa huko muda mrefu akijifanya anatengeneza lango ambalo ni zima.

Sasa nikusimulie upande wetu.

Saa nne kamili Bwana Ormonde akafungua mlango wa ukumbi. Mimi mbele, peku, taji mikononi, mabinti wanne nyuma yangu wamelishika joho tupu, halina mtu ndani. Watu walinong'ona. Bendi ikaanza. Nikatoa hatua moja. Nikapumzika. Nikatoa nyingine.

Kutoka ukumbini hadi kanisani ni mwendo wa robo saa, unajua. Saa nne na nusu nilikuwa sijafika kwenye duka la malisho. Bendi ya San Jose ina nyimbo tatu za maandamano, walizimaliza zote wakaanza upya. Bwana Ormonde akaja pembeni yangu akaniuliza kwa sauti ya chini kama hii ni sikukuu au mazishi. Nikamwambia taji ni zito. Mbele kidogo nikajifanya nimekanyaga kijiwe, nikainua mguu, nikautazama vizuri, nikautazama na wa pili.

Bi. Silveira aliyekuwa nyuma akaninong'oneza, "Filomena, tembea, jua linatuua." Komadre, sikuweza tena kukaa nayo peke yangu. Nikageuza kichwa nikamwambia. Nilimwambia nadhiri ni ipi, niliiweka lini, na mtoto yuko wapi sasa. Nikasikia anageuka kumwambia wa nyuma yake, na huyo akamwambia mwingine, maneno yakaenda safu kwa safu hadi mwisho kule kwa wanaume. Na baada ya hapo hakuna aliyeniambia tembea. Bi. Silveira akapatwa na kijiwe kiatuni. Wazee wawili wakahitaji kukaa kwenye ukuta. Mpiga ngoma mkubwa wa bendi, sijui nani alimwambia, akaanza kupiga pigo moja pale alipokuwa anapiga mawili.

Tulikuwa tumebakiza hatua labda mia moja, mlango wa kanisa tunauona na padri amesimama na kitambaa anajifuta jasho, nami sina tena kijiwe cha kukanyaga. Ndipo nikasikia honi. Gari la dobi likaja kwenye kona limeinama upande mmoja, Belmiro ametoa kichwa nje kama mbwa. Halijasimama vizuri Zulmira akaruka.

Alikuwa bado na suti ya mpira. Ulisema kweli, hakuna kilichoonekana ila uso na miguu, lakini Bwana Ormonde alivua kofia akajiziba nayo macho. Mabinti wakamvika joho juu ya mpira huohuo. Nywele zinatona chumvi kwenye njiwa wangu. Miguu peku, mchanga hadi kwenye vifundo. Nikampa taji. Nikamwonyesha kanisa.

Hakwenda. Akaniuliza, "Mama, ulisema kutoka wapi?"

Nikamwambia, kutoka ukumbini.

"Basi hapa si ukumbini."

Akageuka. Komadre, aligeuka na taji na joho, akaanza kurudi tulikotoka, akapita katikati ya watu, nao wakampisha. Bwana Ormonde akatoa saa yake, akaitazama, akaitazama na basi la bendi linalongoja, kisha akaifunga akairudisha mfukoni, akapiga kelele kwa bendi: geukeni. Wakageuka, na matarumbeta yao. Dos Robles yote ikageuka. Padri akashuka ngazi akatufuata mbio na kanzu mkononi. Supu ilikaa motoni saa nzima zaidi, nyama ikaiva mpaka ikaachana yenyewe, na watu wanasema hawajawahi kula supu kama ile.

Akaingia ukumbini hadi ndani kabisa, akagusa ukuta, akatoka tena. Safari hii hakuna aliyetembea polepole. Alitembea kwa mwendo wake. Alichechemea, komadre, kila hatua, kushoto kulia, kushoto kulia, mbele ya watu wote kama nilivyoahidi, wala hakujaribu kuficha, kichwa juu. Lami ilikuwa ya moto. Mimi nilikuwa nyuma yake nikitazama miguu ile miwili ikiinuka na kukanyaga, na watu wa pande zote mbili za barabara walikuwa wanapiga makofi, jambo ambalo kwenye maandamano halifanyiki, na padri hakuwakataza. Alipoliweka taji mezani pa Bwana nilisema kwa sauti, tumemaliza. Nilisikika mpaka nje.

Kombe lihifadhi, usilitume kwa posta. Agosti tunakuja kulichukua, na safari hii tunakuja wote wawili, mimi na Zulmira, na Serafim amesema mwenyewe kwamba atabaki na ng'ombe, sikumwomba. Chumba cha mbele kinatutosha. Nitafutie mahali pa kukaa juu ya genge, karibu na ukingo kadiri utakavyoweza. Nimemwona akitembea. Sasa nataka nimwone akisimama.

Filomena